Jivu Moja

Nakivale, siku ya soko

Yaya Feza,

Kwa heshima na taadhima, baada ya kusimama wima, kuvua kofia na kukohoa mara mbili kama mwenyekiti wa kijiji, nakutangazia wewe na jamaa yote ya Uvira habari ifuatayo: kiti cha Mama Riziki kimeacha kulia.

Unakijua. Ndicho unachokisikia kwenye simu nyuma ya sauti ya mke wangu, kwi-kwi, kwi-kwi, mpaka siku moja ukauliza kama tumeanza kufuga bata. Kilikuwa na miguu minne na kila mguu ulikuwa na maoni yake. Tangu Jumanne miguu imepatana. Mama Riziki alikikalia mbele ya mashahidi, akajitikisa makusudi kushoto na kuume, na kiti kikanyamaza kama mtu aliyeshiba. "Kumbe niliolewa na fundi," akasema. Miaka ishirini na sita ya ndoa, Yaya, ndiyo kwanza napewa diploma yangu.

Sasa nimerudisha kofia kichwani, nikusalimie, dada yangu, kama mdogo wako. Habari za mwili? Goti lile la kushoto linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa, au bado unaimbia chini mlangoni na kusema ni unyenyekevu? Shemeji je, kifua chake? Mvua zimewaachia nyumba? Sisi huku tuko wazima kwa kipimo cha huku: tunaamka, tunatembea, tunagombana kidogo. Maharage yalichanua vizuri, yakatutazama, kisha yakakauka. Chakula cha mgao hapa kambini kimepunguzwa tena, kwa hiyo mimi niliyekuwa na tumbo la shemasi sasa nafunga mkanda kwenye tundu nililolitoboa mwenyewe. Ng'ombe wa upande wa Masha wanapita hapa wakitafuta maji, na nakuambia wanatuangalia kwa huruma.

Kazi bado ipo. Wiki mbili nakaa Mbarara, wiki moja nyumbani. Atelie yetu ya useremala ni ileile, kwenye barabara ya kwenda kambi ya jeshi ya Makenke, na wateja wetu wengi ni wake za wanajeshi wanaotaka vitanda vyenye vichwa virefu kuliko waume zao. Bosi wangu Mugisha, Mnyankore mwenye moyo safi na kelele nyingi, bado ananiita Mukongo ingawa ana jina langu kwenye daftari. Nimeacha kumsahihisha. Hata mimi namwita Bosi, na tunajua wote wawili nani anayepima mbao.

Uta wako umefika.

Mama Sifa, yule mfanyabiashara wa vitenge uliyemkabidhi, aliuleta mwenyewe mpaka mlangoni, umeviringishwa kwenye kitenge cha zamani cha Mama. Anasema mpakani askari aliushika, akaugeuza, akamuuliza, "Mama, hii kitu ni ya kupiga nani?" Akajibu, "Ya kupiga mbao, afande." Yule askari akasema, "Mbao ilikosa nini?" Wakacheka wote, akapita. Mimi sikucheka aliponisimulia. Nilikuwa nimekwisha kufungua kitenge, nikaona pale mwishoni pa uta, ule mfinyo wa kidole gumba chako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipoanza kuuvuta, kwa sababu mimi niliyepaswa kuuvuta nilikuwa nimepanda mpera nikijifanya naumwa tumbo. Ulivuta uta kama mtu anayemsagia adui mahindi. Baba alikuwa akisema, "Feza, polepole, mbao haikukukopa," nawe huongezi wala hupunguzi.

Pamoja na uta nilisoma barua yako. Niliisoma mara moja kwa sauti, mbele ya Mama Riziki na jirani yetu Melkiadi, yule Mrundi mfuga kuku. Kisha nikaisoma peke yangu mara nyingi kuliko nitakavyokuambia. Uliandika: "Sasa keke ya Baba itapumzika yote fasi moja. Jivu analo mkononi, wewe una msukano na kekee, na uta huu uuweke juu ya kaburi lake siku moja, halafu ubaki nao."

Yaya, wewe ni mwanamke mwenye akili, na najua umesoma ile habari ya kiti ukasimama kidogo. Nitarudi hapo. Niache kwanza nizunguke kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Siku ile uta ulipofika, Melkiadi aliniuliza vile vitu vyote ni vya nini. Nikatandika mkeka, nikamwonyesha, na niliona raha, maana ni muda mrefu sijayataja majina yale kwa mpangilio. Nikamwambia: hii yote pamoja inaitwa keke, ndiyo mashine ya kutoboa mbao tangu kabla ya mashine. Chuma hiki chenye ncha bapa, kinachokula mbao, ni kekee. Kijiti hiki cha mviringo kinachoishika kekee, kinachozunguka, ni msukano. Uta wenyewe unauona, na kamba yake ya ngozi ya mbuzi inauzunguka msukano mara moja. Ukivuta mbele unazunguka huku, ukirudisha unazunguka kule. Na juu ya kichwa cha msukano, ili mkono wako usitobolewe badala ya mbao, unaweka kibao hiki kidogo chenye shimo chini. Unakikandamiza kwa kiganja. Hiki ndicho jivu.

Melkiadi aliposikia neno hilo aliinamisha kichwa. Mama Riziki akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitufundisha. Majina haya Babu aliyapata kwa fundi mmoja wa pwani aliyekuja kutengeneza milango ya mfanyabiashara, akaoa, akabaki. Ndiyo maana Baba, aliyekuwa akisema Kiswahili chetu hiki cha ziwani kama sisi wote, akishika keke alibadilika, akasema kama mtu wa mbali. Kwetu sote majivu ni majivu, ya jikoni, hayahesabiki. Kwake jivu lilikuwa moja, na lilikuwa la kiganja. Kila asubuhi alidondosha mafuta ya mawese ndani ya shimo lake ili msukano uteleze, akasema, "Jivu lisipopata mawese, litakuwa jivu kweli." Tulicheka mara ya kwanza. Mara ya mia tatu tulicheka kwa adabu.

Na unakumbuka kanuni yake. Uta unarithiwa, msukano unarithiwa, kekee inanolewa mpaka iishe. Lakini jivu kila fundi anachonga lake, kwa kipimo cha kiganja chake, na akifa anaondoka nalo, ili mkono upumzike na kazi ijue kwamba imekwisha. Alimwekea Babu lake mbele ya macho yetu. Mimi nilikuwa nimeshika shati lako.

Mimi sijachonga langu mpaka leo. Nilianza mara mbili. Nikapata kazi ya mashine ya umeme, nikasema nitachonga nikizeeka.

Halafu ile siku ya kuachana, tulipokimbilia huku. Wewe hukuweza kuja nasi kwa sababu ya mama mkwe wako aliyekuwa haamki kitandani. Baba aliitenganisha keke pale uani, akakupa uta, akanipa mimi msukano na kekee, akatia jivu mfukoni mwake. Akasema, "Hakuna keke bila uta. Kwa hiyo hatujaachana." Nilichonga uta mwingine hapa Nakivale, wa tawi la kalitusi, na Baba akausikiliza ukifanya kazi, akasema huu una kikohozi.

Sasa naweka salamu hapa, Yaya, sio mwisho kama desturi, maana baada ya nitakayoyaandika sitakuwa na mdomo wa kusalimia watu. Msalimie Shemeji, umwambie msumeno wangu alioazima kabla ya vita ya mwisho simdai, lakini naukumbuka kwa jina. Msalimie Mama Mdogo anayeuza dagaa, na asiendelee kuniombea nipate meno mapya. Haya yaliyobaki yanajitahidi. Msalimie mchungaji mzee aliyenibatiza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikimbia. Wasalimie binti zako wote na waume zao, na yule jirani wa nyuma aliyemfumba Mama macho alipokufa. Huku Mama Riziki anakusalimia sana, na Riziki mwenyewe, ambaye sasa ana mtoto anayefanana na Baba anapokasirika. Melkiadi naye anakusalimia. Hamjaonana, lakini anakuogopa tayari.

Basi.

Kiti nilikitoboa kwa keke. Nilikaa na ule uta mapajani, nikajiambia kesho nitaupeleka kaburini kama ulivyosema, na mkono wangu ukafunga kamba kwenye msukano wenyewe. Nilitaka kuusikia mara moja. Mama Riziki akakileta kiti akasema kama nacheza, nichezee hapa. Nikatoboa matundu manane, nikapiga vigingi, na uta wako hauna kikohozi hata kidogo.

Na juu ya msukano niliweka jivu la Baba. Ndilo nililonalo. Halikwenda naye.

Nilikuambia kwenye simu kwamba alikufa akiwa amelishika. Ukalia, ukashukuru, ukawaambia kina mama wa kanisa, wakaimba. Mwaka mzima nimeuacha wimbo ule uendelee. Haya ndiyo yaliyotokea.

Unajua macho yake yalikuwa yamefifia. Tulikuwa tumempeleka hospitali ya macho ya Ruharo, wakampima vizuri, wakasema kwa umri wake ndivyo yatakavyobaki. Tangu hapo alikuwa akikaa na jivu kiganjani kutwa, akilizungusha, kama wenzetu Wakatoliki na rozari zao. Akilala analiweka kando ya mto; Mama Riziki alilijua kama kibao tu, si kwa jina. Kifua kilipomshika, akawa haamki tena, lilikuwa palepale.

Mimi nilikuwa narudi Mbarara. Wiki ile umeme ulikuwa ukikatika kila siku, na kule atelie vijana wa Mugisha walikuwa wamenicheka kwamba sisi Wakongo bila mashine ni mashahidi tu. Nikawaambia nitawaletea mashine isiyojua habari za umeme. Asubuhi nilifunga msukano, kekee na ule uta wa kalitusi. Nikatafuta jivu. Ningeweza kuchukua kipande chochote cha mti mgumu, Yaya. Ningeweza kuchonga kimoja njiani kwa kisu. Nilinyoosha mkono nikalichukua la Baba kando ya mto, amelala, sikumwamsha, sikumwambia mtu. Nikajisemea ni siku chache.

Siku ya tatu Mama Riziki alinipigia. Mashine zilikuwa zinanguruma. Akaniambia, "Baba analomba majivu."

"Majivu ya nini?"

"Sijue. Toka jana analomba. Nimupe ile ya mu jiko?"

"Mupe, basi. Si iko mingi?"

Nikakata simu nikawaambia wenzangu mzee wangu amezeeka mpaka amekuwa Mkatoliki. Walicheka sana.

Huku nyumbani Mama Riziki alichota majivu kwenye kikombe akamshikisha. Baba aliyasugua kwa vidole, akayaacha yamwagike shukani, akasema, "Si hili." Melkiadi alikuwepo, amekuja kumsalimia. Masikini, aliona jambo kubwa. Akamwambia mke wangu, "Muzehe anataka kutubu. Kwaresima bado, lakini Mungu hana kalenda." Akatia kidole kwenye kikombe, akamchora Baba msalaba kwenye paji la uso, polepole, kwa upendo wote, akamwombea kwa Kirundi. Baba yetu, Yaya, Mprotestanti aliyekataa hata mshumaa wa Krismasi. Mama Riziki anasema Baba alimpapasa Melkiadi shavuni, akasema, "Asante, mwanangu. Lakini mwambieni Wilondja alete jivu."

Mpaka hapo ni kosa la neno. Kosa la neno ningeweza kulisimulia, hata kanisani, watu wangecheka na kulia, wangenisamehe mimi na mke wangu na Melkiadi pamoja. Na hivyo ndivyo nilivyojisimulia mwenyewe kwa muda mrefu: yeye aliniambia majivu, ningejuaje?

Lakini Mama Riziki alinipigia tena, siku ileile. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimetoka nje ya atelie na keke yangu, nimezungukwa, natoboa vichwa vya kitanda cha mke wa afisa mmoja wa Makenke. Mugisha alikuwa anawaita wapita njia. "Njoo uone! Mukongo, hiyo kitu hapana kula masanyalaze?" Nami namjibu, "Hapana, Bosi. Umeme haiujui. Inakula ugali tu, kupitia kwangu." Watu wanapiga makofi. Nikaibana simu kati ya sikio na bega, mkono wa kushoto uko juu ya jivu.

Akasema, "Hasemi majivu. Nilikosea. Anasema jivu. Jivu moja. Anasema ulete. Kwani majivu inahesabiwaka?"

Nilielewa, Yaya. Palepale. Nilikuwa nimelikandamiza kwa kiganja changu, lina moto kwa kazi, nikahisi ule mfinyo wa kiganja cha Baba ambao haujawahi kuwa wangu. Nilijua anachotaka na nilijua kiko wapi.

Nikamwambia mke wangu, "Ni uzee. Mwambie nitakuja Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano. Gari la mchana la kuja huku lilikuwa halijaondoka. Nilibaki kwa sababu kitanda hakijaisha, na kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati ya watu wananiita fundi, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi. Nilijiambia Baba amengoja mengi, atangoja siku tatu.

Alikufa Ijumaa asubuhi, jua limekwisha kuchomoza, Mama Riziki akimpa maji.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumnyoosha. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala kando yake kama wa watu wote. Wa kuume, Mama Riziki alisema, walijaribu kuunyoosha mara mbili wakauacha. Kiganja kilikuwa juu, vidole vimekunjika kidogo, kama mtu aliyeshika kitu cha mviringo. Kwenye paji la uso msalaba wa majivu ulikuwa bado unaonekana, hakuna aliyethubutu kuufuta.

Mfuko ulikuwa begani kwangu. Nilipaswa kuufungua tu. Lakini nyumba ilikuwa imejaa, Mama Riziki amesimama pale, Melkiadi pale, na ningelitoa wangeona lilikotoka. Nikangoja nibaki peke yangu na Baba, na msibani hakuna kubaki peke yako. Wakafunga sanduku, ambalo nililipigilia misumari mwenyewe. Mkono wake ulizikwa hivyohivyo, mtupu.

Jumanne, kiti kilipokwisha, Mama Riziki alilitazama jivu likiwa mkononi mwangu, akaketi, akaniambia, "Mwandikie Feza."

Kaburi liko juu kidogo ya shamba letu, udongo haujakaza sana. Naweza kuchimba upande wa kichwa nikaliweka. Au naweza kukuletea wewe kwa mkono wa Mama Sifa, anarudi mwezi ujao. Mimi niliamua mara moja juu ya kitu hiki na unaona nilivyoamua, kwa hiyo sitaamua tena; amua wewe. Liko hapa mezani ninapoandika. Nimelipaka mawese.

Mdogo wako,
Wilondja